Mama Alitungoja Mtoni

Desemba ikifika, mwanangu, naikumbuka ile njia ya Cheptais na moyo unauma.

Mimi na marehemu babu yako Wafula tulikuwa tukimaliza kuvuna mahindi hapa Kitale, tunafunga nyumba, tunaenda kwa mama yangu Cheptais kwa miguu. Siku mbili. Tunalala Kimilili kwa shangazi yake Wafula. Nauli tulikuwa nayo, lakini Wafula alipenda kutembea, na mimi nikapenda pia. Tulitafuna miwa, tulivua viatu kwenye matope, yeye anapiga mluzi mpaka ng'ombe wa watu wanainua vichwa. Mwaka mmoja tulizunguka hadi Bungoma, tukala samaki sokoni tumekalia magunia. Sijawahi kushiba hivyo tena.

Mama hakutungoja nyumbani. Siku ya pili alishuka mpaka mtoni na kibuyu cha maziwa lala, yale yaliyoganda, akatupokea hapo, tukapanda kilima pamoja. Kila mwaka.

Halafu mke wa kaka yangu akaanza kunicheka. "Wageni wa Kitale hao! Wamekuja na gari la miguu!" Watu wakaangua kicheko. Si ningecheka tu na mimi? Niliona aibu. Mwaka wa nne nikamwambia Wafula, "Mimi vumbi sitaki tena. Tunapanda gari."

"Na mama je?"

"Atatukuta nyumbani."

Gari lilipita barabara ya juu, mbali na mto. Nilishuka na viatu vinang'aa, mvua inaanza. Nikauliza mama yuko wapi. Wifi akanitazama.

"Si ameenda kuwapokea? Tangu saa sita."

Wafula aliteremka mbio. Mimi, mwanangu, nilikaa nikamaliza chai kwanza, watu waone nguo yangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Alimrudisha jioni, mama amelowa chapachapa, kibuyu bado kimejaa. Alikuwa amekataa kuondoka, ati tungefika tukose mtu. "Nilifikiri mmechelewa," akasema tu. Kifua kikamshika. Februari tulimzika.

Wafula hakunilaumu. Lakini Desemba iliyofuata nilipomwomba twende, alisema, "Kwenda kwa nani?" Hatukutembea tena. Sasa na yeye hayuko, na magoti yangu hayanifikishi hata getini.

Usidanganywe kwamba uchungu kama huu huisha. Mimi nimezeeka nao. Kwa hivyo nakwambia wazi: mtu akizoea kukungoja mahali, pita hapo. Ukibadilisha njia, mjulishe kwanza. Nyinyi mna simu, hamna kisingizio. Na watu wakilicheka vumbi lako, waache wacheke. Si wao wanaokungoja.

Mungu akulindie miguu, mwanangu. Akupe mtu wa kukungoja, na akufikishe kwake kabla mvua haijaanza.