Ukurasa wa Pili wa Chokonoa

Dorotea Masele alifundisha kemia miaka ishirini na sita, na darasani kwake hakuna mtoto aliyechekwa kwa kuuliza. Alipostaafu, ndugu zake walimshauri ajenge vyumba vya kupangisha kule Buhongwa. Badala yake alikodi chumba kimoja Nyamagana, akamwajiri Bashiru, fundi wa kupanga kurasa aliyekulia katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, wakaanzisha jarida la sayansi kwa Kiswahili. Wakaliita Chokonoa.

Jarida lilijibu maswali ya watu wa ziwa. Yale mawe makubwa yaliyobebana, mbona hayaanguki? Wale wadudu wanaotanda juu ya maji kama moshi wanatoka wapi? Dagaa wa mchangani na wa kwenye chanja, wepi wanakauka upesi? Kwa swali hilo la dagaa Dorotea alishinda wiki nzima ufukweni na kina mama waanikaji, mizani mkononi, akipima asubuhi na jioni. Toleo lile lilipita mikono mingi mpaka likachanika.

Lakini alichojivunia zaidi ni ukurasa wa pili, ulioitwa "Tulikosea". Humo, kabla ya habari nyingine yoyote, jarida lilitaja makosa ya toleo lililopita na kuyasahihisha. Safari moja waliandika kwamba yai la kanga huanguliwa kwa siku ishirini na moja, kama la kuku. Luhaga, mfugaji wa Misungwi, akaandika barua: kanga wake hulalia karibu wiki nne. Dorotea aliichapa barua nzima, jina la Luhaga juu kabisa.

Mwaka wa kumi na moja mambo yakawa magumu. Karatasi ilipanda bei, matangazo yakahamia kwenye simu, na wasomaji nao wakayafuata.

"Mwalimu, toleo la Juni halitatoka," Bashiru alisema. "Tufunge?"

"Mgonjwa hazikwi angali anapumua. Tumtafutie mwenye nguvu za kumuuguza."

Mnunuzi wa kwanza kuja alikuwa Nestory, muuza dawa za lishe. Alilitaka jina la jarida.

"Watu wanaliamini," alisema. "Ukurasa wa pili nitaweka dawa zangu."

"Na ukikosea utasemea wapi?"

"Mfanyabiashara hatangazi makosa yake, mama."

Dorotea alimshukuru kwa kuja, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Yule angelipa mara mbili ya mtu mwingine yeyote," Bashiru alisema kwa upole.

"Anataka kununua imani ya watu, Bashiru. Hiyo si mali yangu."

Wiki tatu baadaye akaja Hellen Chenge, ametumwa na wachapishaji wa vitabu vya shule kutoka Dar es Salaam. Alimwamkia Dorotea shikamoo, akaketi, akasoma matoleo manne kimya kabla ya kutaja biashara. Wangelipeleka jarida mashuleni, wangeliweka na kwenye simu, na Bashiru angebaki kazini. Ila walikuwa na ombi.

"Ukurasa wa makosa tuuhamishie mwisho, mwalimu. Wakubwa wangu wanaona mtoto akianzia hapo hatatuamini."

"Nimesimama mbele ya watoto maisha yangu yote," Dorotea alijibu. "Wanamwamini anayekiri. Ukihama, siuzi."

Hellen alitoka nje kupiga simu. Alikaa huko muda mrefu, sauti yake ikipanda na kushuka. Aliporudi, alikuwa anatabasamu.

"Wamekubali. Tutauandika kwenye mkataba: ukurasa wa pili, kila toleo."

Dorotea alitia saini kwa mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka. Bashiru ndiye aliyelazimika kutafuta leso.

Mwezi wa tisa Dorotea alilikuta Chokonoa kwa muuza magazeti karibu na soko kuu, jalada linang'aa. Alinunua nakala mbili.

"Hilo la wanafunzi, mama," muuzaji alimwambia. "Wanaligombania. Sijui nani aliyelibuni."

Kwa miaka kumi na moja jina lake lilikuwa limechapwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, na hakuwahi kujitangaza kwa mtu.

"Ni mimi," Dorotea alisema. "Naitwa Dorotea Masele." Kisha akasimama pale, hana haraka, akamweleza lilivyoanza.