Kiganja cha Chumvi

Mtaani walimwita Milimita, na jina halikumkaa bure. Seremala yule angekunyima stuli yako wiki nzima kwa sababu mguu mmoja umezidi unene wa ukucha. Sasa mtu wa namna hiyo, mwambie apike kwa kukisia!

Ndiko alikofikishwa. Miezi mitatu nyuma mkewe alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, mkono ukajikunja ngumi, ulimi ukabakiwa na "eeh" na "a-a" tu. Hayo Milimita aliyameza. Kilichomshinda ni chakula. Uji, mama anageuza uso. Supu, anageuza uso. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikahamia kidole gumba.

Jumatatu binti yao wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, akapiga simu.

"Baba, Jumamosi nakuja. Nikikuta mama bado hali, naondoka naye."

"Njoo tu! Utamkuta na mashavu haya!"

Maneno makubwa hayo. Binti alikaa nyumba za wauguzi, chumba kimoja, na wanaume hawaruhusiwi kulala humo. Miaka thelathini na sita yeye na mkewe hawajawahi kulala nyumba mbili. Aliogopa, na wala sitamfichia.

Hapo ndipo akakumbuka kuku. Mkewe alipika miaka kumi na tisa katika hoteli ya mzee mmoja Mgiriki, na kila Jumapili aliwapikia nyumbani kuku wa huko: analowekwa tangu asubuhi kwenye limau, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na oregano kavu, yale majani ya Kigiriki yenye harufu kali, jioni anachomwa, analiwa na mkate bapa na mtindi mzito uliotiwa tango. Jumapili zote hizo bwana alikula bila kuinua macho kwenye sahani. Kitu kimoja tu alikishika: mkewe hakutumia kijiko. "Chumvi kiganja, oregano viganja viwili," alikuwa akijiimbia.

Jumanne Milimita akapima kiganja. Cha kwake! Kiganja cha randa na msumeno, kipana kama koleo. Mama alionja, akautoa ulimi wote nje. Paka wa jirani alikula akashinda kwenye ndoo ya maji.

Jumatano akapunguza nusu. Akapunguza na oregano, maana yote yalipita mkono uleule. Kuku akapooza, hana mbele wala nyuma. "A-a," akasema mama.

Alhamisi akaona hakuna njia ila kupima kiganja chenyewe. Akakaa kitandani na bakuli la chumvi, akaushika ule mkono uliojikunja, akaanza kufungua vidole kimoja kimoja. Mama akaguna, machozi yakamtoka. Milimita akaacha palepale. Mkono wa kushoto mama aliutoa mwenyewe, masikini, lakini ulitetemeka na chumvi yote ikamwagika kwenye shuka.

"Nisamehe, mke wangu. Nisamehe."

Akatoa futi kamba, akakipima hicho kiganja cha kushoto: sentimita saba na milimita nne. Akaandika ukutani kwa penseli, akasimama kuitazama ile namba. Haikumwambia lolote. Kishimo cha kiganja kinashika chumvi kiasi gani, futi haijui.

Ijumaa akahamishia hasira zake kwenye mkate. Akausukuma, akaukata duara kwa bikari, mikate yote sawasawa, ungedhani imetoka kiwandani. Ila unga hakuupa muda wa kuumuka, bwana mwenye haraka, na mikate ikatoka migumu kama mbao. Mama akaisukuma sahani.

Jumamosi binti akaingia kabla ya adhuhuri. Aliona unga sakafuni, namba ukutani, na pete kwenye kidole gumba. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Nipe hadi jioni," baba akasema. "Jioni atakula."

"Kuku mwingine yupo?"

"Yupo."

Binti akanawa mikono, akamimina chumvi kiganjani. Milimita akakodoa macho. Kiganja kidogo, kishimo kirefu, kidole gumba kimelala ndani vilevile kama cha mama yake.

"Alikufundisha lini?"

"Hakunifundisha, Baba. Nilikuwa nasimama tu hapo pembeni yake."

Mzee akakaa kwenye stuli. Alijua mkewe atakula, na alijua akishakula kwa mkono wa binti, huko kwa binti ndiko atakakokwenda. Mungu amsamehe, kuna dakika aliomba yule kuku aungue.

Hakuungua. Jioni binti alimchambua vipande vidogo, akamfunga kwenye mkate laini alioukanda mwenyewe, akachovya kwenye mtindi. Mama akatafuna polepole, mtindi ukimchuruzika kidevuni. "Eeh," akasema, akafungua kinywa tena. Milimita alicheka, akalia, akaenda uani kujifanya anatafuta kuni. Hakuna aliyezungumzia safari. Hapakuwa na haja.

Asubuhi alibeba begi mwenyewe hadi kwenye teksi, akamketisha mkewe kiti cha nyuma. Kisha akakimbilia ndani, akatoka na mfuko wa chumvi na kifuniko cha kopo la vanishi alichokisugua mpaka kikang'aa.

"Mwanangu, nipimie. Kiganja kimoja."

Binti akapima, akamimina kifunikoni. Baba akaisawazisha, akachora mstari kwa penseli pale chumvi ilipofika.

"Ya nini, Baba?"

"Akirudi."

Binti akainamisha uso. Ndani ya gari kioo kikagongwa. Milimita akageuka. Mama alikuwa amejisogeza mlangoni kwa shida, na kwa mkono wa kushoto akikipigapiga kiti kilichobaki wazi pembeni yake, akimngoja apande.