Malapa Kwenye Mdomo wa Shimo

Nilipokuwa nachimba mawe ya shaba karibu na Kolwezi, tulikuwa tunashuka shimoni miguu mitupu, na kila mmoja aliacha malapa yake juu, kwenye mdomo wa shimo. Aliyepita hapo alijua mara moja nani bado yuko chini.

Jumapili moja niliwavuta wenzangu hadi ukumbi wa video wa mtaa wa Manika, kuona filamu ya katuni kuhusu wachimbaji. Kiongozi wa timu yetu alikuja shingo upande.

"Katuni ni ya batoto, mudogo," alinicheka. "Banachora shimo kubwa kama kanisa, mutu anatembea wima. Kama banadanganya, hautanipeleka tena fasi yoyote."

"Angalia kwanza, tata," nilimjibu kwa heshima, kama mtu na baba yake.

Sikuwa na wasiwasi. Filamu hiyo nilikuwa nimeiona tayari Dilolo, katika kuzurura kwangu.

Filamu ikaendelea hadi jioni ya kazi: wachimbaji wa katuni wakapanda juu, wakavaa malapa yao, wakaanza kuondoka wakiimba. Hakuna aliyegundua kitu. Lakini pembeni mwa picha ilibaki jozi moja ya buluu, kamba yake imefungwa kwa waya. Kiongozi wetu akaruka kutoka kwenye benchi.

"Mungali mutu mu shimo! Murudie!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Tata, si ni katuni ya batoto?" nikamwuliza.

Hakuketi mpaka yule wa mwisho alipotolewa akiwa hai.

"Mwenye kuchora hii," akasema, "alikuya kwanza kuuliza batu."

Jumapili iliyofuata, yeye ndiye aliyenifuata nyumbani kuuliza tunaenda kuona nini.