Mikono ya Karafuu na Taa za Njiapanda

Mimi ni mtu wa kuuliza. Chuoni, mwalimu wangu wa Kurani akiniona nimefungua mdomo, hufumba macho kwanza. Kwa hiyo siku mkuu wetu wa kazi, mama mmoja kutoka Unguja, alipotoa mkobani kisanduku kisicho na betri wala waya wa umeme, akasema hicho ndicho kitakachotuokoa, nilimganda mpaka akachoka.

Tulikuwa na taa za barabarani kwenye njiapanda moja ya Chake Chake, na zilitakiwa nyingine kule mbele, ziwasiliane na hizi ili gari lililoruhusiwa huku lisikwame kule. Kati ya hizi na zile ulipita waya wa faiba, nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na zote zilishajaa kazi isipokuwa mmoja. Mmoja hautoshi, tuliambiwa: taa zinataka wake, na kamera ya kuangalia magari inataka wake. Fedha za waya mpya zilikuwa za kuungaunga, nazo zingetosha kuchimba njia fupi tu, ile inayopita Tibirinzi, ubavuni mwa nyumba ya Bi mmoja jirani yetu.

Pale ubavuni pana mawe mawili. Ni kaburi la mwanawe, aliyefariki mdogo, zamani, kabla barabara haijapanuliwa na kulifuata. Bi alishaambiwa ajiandae, kaburi litahamishwa. Hakugomba na mtu. Mama yangu alisema ameacha kula tu, na mimi roho iliniuma kila nikipita.

Kisanduku kile, nilielezwa, kinagawa mwanga kwa rangi. Taa zinazungumza kwa rangi yao, kamera kwa yake, zote zinapita kwenye uzi mmoja bila kuingiliana, na kule mwisho kisanduku cha pili kinazitenganisha. Hakuna haja ya kuchimba hata shimo la mhogo. Nikauliza ni rangi gani. Rangi ambazo jicho la mtu halizioni, akasema mkuu. Nikauliza nani basi aliyeziona.

"We Mpemba," akasema, "nipe bisibisi."

Tukafunga. Taa mpya zikapepesa njano, basi, hazikupokea neno. Tukarudia kila kitu, zikapepesa vilevile. Mkuu akasema kesho mashine ya kuchimba itakuja, yeye hana tena la kuwaambia wakubwa.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Kila nyumba ilikuwa chini majamvini ikichambua, na sisi mafundi tukitoka kazini tulikaa humo humo tukichambua nao. Kabla hatujaondoka pale kwenye taa, nilichukua darubini ndogo ya kutazamia ncha za nyuzi, si kwa matumaini, kwa udadisi tu. Nikaona doa, kama tone la mafuta juu ya mchuzi. Nikanusa kidole changu. Nikanusa na cha mwenzangu, akanishangaa. Mafuta ya karafuu. Nani aliyeigusa ncha ile hatukuulizana. Hapakuwa na mkono usionukia. Nikazifuta ncha zote kwa spiriti, nikarudishia. Taa ikaacha kupepesa, ikawa nyekundu, kisha kijani, na mkuu akapiga simu mashine isije.

Nilikwenda Tibirinzi mbio.

"Shikamoo, Bi. Hakuchimbwi tena."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Mkuu wetu. Ilikuwa mikono yetu tu, ina mafuta ya karafuu."

Aliitazama mikono yangu, kisha akaketi pale pale barazani akalia, na mimi nikalia naye.

Tangu hapo, msimu ukifika nami nikawa nakwenda kulifungua kabati la taa, Bi huniita. Huwa ameweka ndoo, kata na kipande cha sabuni karibu na yale mawe. "Lete nkono," husema, na hunimiminia mwenyewe, akanisugua mpaka kwenye kucha. Siku moja nilimuuliza, maana sikuweza kujizuia, mwanawe sasa angekuwa na umri gani.

"Kama wako," akasema. Akavinusa viganja vyangu vyote viwili, akaniacha nipite.