Mstari Mmoja Kwenye Theluji ya Vencelj

"Wiki nzima nilingoja theluji safi, halafu jana ukapita katikati kama kuku aliyekata kamba! Mlima wote wa Bela Glava ukawa mikwaruzo! Leo imeanguka mpya, nayo utaiharibu?"

Ndivyo Vencelj Odar alivyoanza siku ile, kasimama mlangoni mwa nyumba yetu ya wapanda mlima, kamera kifuani, masikio mekundu.

"Mlima si wa baba yako, mzee," Zarja akamjibu huku akikaza viatu vyake. "Na kompyuta si unayo? Futa, kama unavyofuta kila siku."

"Kufuta ni kazi, binti!"

"Basi shukuru nimekupa kazi."

"Nyie wawili, ingieni au tokeni," nikawaambia. "Jiko langu halijaajiriwa kupasha moto bonde zima la Bohinj."

Wakatoka, kila mmoja na njia yake.

Vencelj hakuanza na kamera. Miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa mitambo ya kupandishia watelezaji, mpaka theluji ya chini ikawa haba na mitambo ikafungwa. Akabaki na kamera ya mkwewe na ukaidi wake mwenyewe. Husimama juu ya mwamba mmoja, akaigeuza kamera kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kulia, picha ishirini na nne, kisha jikoni kwangu anaziunga ziwe picha moja ndefu ya milima yote. Wenye hoteli huitundika juu ya vitanda. Ukiona ndani yake mlima umelala kama shuka iliyopigwa pasi, ujue Vencelj ameketi siku mbili akifuta nyayo za watu.

Zarja Cvetek yeye huruka majabali kwa mbao zake za kuteleza, anashindana mpaka ng'ambo ya mpaka, na mchana huwafundisha watoto kuteleza kule bondeni. Ana miaka ishirini na saba, na mdomo wa watu watatu.

Kwetu, kabla hujaondoka unaandika kwenye kitabu cha nyumba unaelekea wapi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Lakini watelezaji, theluji mpya ikianguka, huandika uongo. Anaandika mashariki, kumbe anakwenda pengine, ili wenzake wasimfuate wakamharibia. Tunajua, tunacheka, tunawaacha. Asubuhi ile Zarja aliandika "mashariki", akatangulia peke yake.

Saa saba watoto walimngoja bondeni, hakutokea. Simu haikupokelewa. Saa nane na nusu Gorazd, mkuu wa waokoaji, aliingia jikoni na watu wake sita, akafungua kitabu.

"Mashariki," akasoma.

"Gorazd, hawa huandika uongo."

"Najua, Mama Milka. Lakini ukweli uko upande gani? Nina saa mbili za mwanga. Na kifaa chake cha kutoa ishara hakisikiki mpaka uwe karibu naye kabisa."

Wakaelekea mashariki.

Pembeni, Vencelj, aliyerudi mchana kuunga picha zake za asubuhi, alikuwa ameacha kugusa kompyuta. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Mama Milka, nimefuta kitu."

"Kitu gani?"

"Mstari. Nilidhani ni uchafu wa kawaida."

Theluji ilikoma kuanguka alfajiri, na aliyetangulia kutoka alikuwa Zarja tu; mstari wowote huko juu ungekuwa wake. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Vencelj akabonyeza, akarudisha alichofuta, kipande kwa kipande. Mstari ukarudi. Mwembamba, unashuka kutoka bega la kaskazini, unakata kona mbili za madaha, unaingia kwenye korongo la pili, ambalo ndani yake kamera haioni. Chini ya korongo theluji ilikuwa safi kabisa, kama anavyoipenda yeye.

"Ameingia," akasema. "Hakutoka."

Mimi ndiye niliyeshika redio. Nilipiga kelele mpaka Gorazd akaniambia anasikia, ameshageuka, niache kumpasua sikio. Nilipotazama nyuma, kiti cha Vencelj kilikuwa kitupu. Mtu wa miaka sitini na tatu, anayelalamikia goti kila akiinuka mezani, alikuwa ameshavaa mbao zake na kuondoka. Kutoka kwetu mpaka kaskazini ni nusu saa. Gorazd na watu wake walihitaji saa nzima.

Nilikoroga maharage. Nilifuta meza iliyokwisha kufutwa. Jua likafika ukingoni mwa mlima. Ndipo redio ikakwaruza.

"Yu hai," Gorazd alisema. "Mguu umevunjika. Anatukana."

Niliketi juu ya gunia la viazi nikacheka mpaka machozi. Maharage yakaungua, na nilipoyagawa usiku hakuna aliyelalamika.

Gorazd alinisimulia baadaye. Theluji ilikuwa imemporomokea Zarja ikamfunika mpaka kifuani, simu na glavu zimechukuliwa. Vencelj alikuwa amemchimba kwa koleo mpaka magotini, na walikuwa wanagombana.

"Umechelewa, mzee."

"Na wewe umeandika mashariki, mwongo mkubwa!"

Kisha Vencelj akavua glavu zake akamvisha, yeye akaingiza mikono makwapani mpaka helikopta ilipofika.

Picha ile aliiuza. Mstari aliufuta, maana wenye hoteli hawalipii mistari.

Mwezi wa nne Zarja alipanda kwetu kwa magongo. Akamwekea Vencelj glavu mezani. Moja tu, ya kushoto.

"Ya kulia waliikata kwa mkasi hospitali ili kunivua. Nimetafuta kama hiyo kila duka, mzee. Nina deni lako."

Vencelj akaivaa, akakunja vidole, akavikunjua.

"Mkono wa kulia nabonyezea kamera, huo lazima uwe wazi," akasema. "Deni hakuna. Vuta kiti, Mama Milka hajaunguza leo."