Nyoka wa Njano wa Kinole

Juzi, katika banda moja la kufugia nyoka huko Kihonda, niliona nyoka wawili wenye vipembe juu ya macho, mmoja wa njano na mwingine mweusi, wamewekwa chini ya kibao chenye jina moja. Nikahisi tena harufu ya karafuu zilizoanikwa barazani kwetu Kinole.

Baba mdogo, aliyefuga nyoka ili awachunguze, alikuwa na wawili kama hao katika sanduku la wavu. Kijiji kizima kilisema mweusi ndiye mwenye sumu, wa njano hana. Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilipeleka kidole wavuni nimguse wa njano. Baba mdogo akanidaka mkono, na papo hapo meno yakagonga waya.

"Nani kakwambia hana sumu?"

"Watu wote, baba."

"Watu wote wamemhesabu magamba? Mimi nimehesabu. Hawa ni jamii moja, wamepishana rangi tu. Haya, mwulize na nyoka mwenyewe kama amesikia wanavyosema!"

Tone la sumu liliteremka polepole kwenye wavu. Nililitazama, mkono wangu ungali mkononi mwake, nikiona aibu kwa jinsi ulivyotetemeka. Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba aliyekuwa akitetemeka ni yeye.