Dakika Mbili za Dada

Mimi ni fundi rangi, na nikikwambia ukuta utakauka kwa saa mbili, utakauka kwa saa mbili. Sasa kuna ukuta mmoja nyumbani kwa dada yangu umenivunjia heshima. Niliupaka Jumatatu. Ijumaa nikaugusa, kidole kikatoka cheupe. Jamani!

Chumba chenyewe ni cha marehemu shemeji. Miaka kumi na moja iliyopita alitoka asubuhi kwenda kazini, akaacha chai nusu glasi juu ya stuli. Gari likamgonga kabla hajafika. Chai hiyo mpaka leo inatoa mvuke. Usiniulize kwa nini, nimeshachoka kuulizwa. Humo ndani muda umegoma kwenda. Haujasimama kabisa, unajikokota tu: ukikaa robo saa, huku nje imeshakuwa siku nyingine.

Na dada haishi kuingia. "Nakuja, dakika mbili tu," anasema, anaenda kupanga mashati ya mumewe, na sisi tunapika, tunakula, tunaosha vyombo, bado hajatoka. Yeye ni mshonaji wa sare za shule, na kwa kushona hana mpinzani, lakini wateja wamemkimbia. Mama mmoja alifuata sketi ya darasa la tatu, akamvuta mwanawe mbele: mtoto yuko la tano! Dada akamtazama yule mtoto juu mpaka chini, akasema, "Huyu mnamlisha nini?" Wenyewe walicheka. Mimi sikucheka.

Maana binti yake mwenyewe alikuwa na miaka tisa baba alipofariki. Alijifunza kujisuka nywele peke yake mbele ya kioo. Mambo ambayo mama humweleza mtoto wa kike, alielezwa na mke wangu. Akamaliza shule, akasomea uuguzi, akapata kazi mji wa mbali. Leo ana ishirini, na dada hana hata mvi moja. Watu wakiwakuta sokoni wanauliza nani mkubwa, na dada anaona amesifiwa! We acha tu.

Ni huyo binti aliyeniita. "Mjomba, kipake rangi kile chumba. Kikibadilika sura labda atakichoka. Mimi naondoka Jumamosi, nataka anisindikize stendi. Ni hilo tu ninalomwomba."

Nikaingia na ndoo na rola, nikapaka ukuta wa karibu na mlango, nikatoka nikijua nimetumia dakika arobaini hivi. Kumbe ni Jumatano! Kazi yangu nyingine kapewa fundi mwingine, na mke wangu amenuna kisawasawa. Na rangi yenyewe, kama nilivyosema, mbichi.

Jumamosi dada aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni lake la bluu. Nikasema moyoni, leo tumepona. Basi lilikuwa la saa sita mchana. Saa mbili asubuhi akasema, "Ngojeni nimchukulie mtoto koti la baba yake, huko aendako kuna baridi. Dakika mbili tu."

"Dada, achana na hilo koti!" Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Alishaingia.

Tulisimama mlangoni tunamwona. Mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye koti, haufiki. Ulipofika, akalishusha, akalinusa, akaanza kukaa kitandani nalo, taratibu, taratibu, mpaka damu ikanichemka. Nikataka kuingia nimvute. Binti akanishika shati.

"Ukiingia, mjomba, nitakwenda stendi peke yangu."

Saa tano akabeba begi lake. Hakugeuka nyuma. Nilimsindikiza mimi, na kwa hasira niliyokuwa nayo, hata salamu za watu njiani sikuziitikia.

Dada alitoka Jumanne jioni, koti mkononi, amelikunja vizuri. "Haya, twendeni. Mtoto yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka vipi? Si basi la saa sita?"

"La saa sita ya Jumamosi, dada. Leo Jumanne."

Akaenda chumbani kwa binti. Nikamsikia anafungua kabati, anafunga, anafungua tena. Aliporudi sebuleni nilikuwa na maneno ya miaka kumi na moja kooni, nimeyapanga, makali. Akaniwahi.

Akaniuliza, "Alilia sana?"

Ningeweza kumdanganya. "Hakulia hata kidogo. Nilimwambia tukungoje mpaka dakika ya mwisho. Akaniambia, mjomba, mimi nilishaacha kumngoja zamani."

Dada akakaa chini palepale sakafuni, akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku ya msiba.